Wazee Wenye Ndevu za Hina

Salat fundi cherehani angekuapia kwamba hajawahi kumpa mtu kitu. Vitu vilikuwa vinabaki tu. Akimtilia kiraka mchungaji kutoka Kotile na kukataa ujira, ni kwa kuwa uzi ulikuwa umebaki. Akirudi nyumbani miguu mitupu, akirukaruka juu ya mchanga wa moto wa Garissa kama kuku aliyeingia jikoni, ni kwa kuwa ndala zilikuwa zimebaki, eti anayo jozi nyingine chini ya kitanda. Jozi hiyo nyingine ilikuwa imebaki mwezi uliotangulia.

Nyumbani kwake walikuwa watatu. Alikuwapo yeye, na binti yake wa pekee, Kaha, mwalimu wa darasa la tatu, na dada yake Nafiso, aliyehamia hapo mama yake Kaha alipofariki. Nafiso alimlea msichana, akamlea na kaka yake pia, ingawa huyu wa pili alikuwa amekwisha kuota mvi. Kaha alimwita Eeddo, kama Wasomali wanavyomwita shangazi. Eeddo Nafiso alikuwa na mkono mwepesi wa kupika na ulimi mwepesi zaidi.

"Kaka yangu huyu," aliwaambia majirani, "ukimwachia mlango wazi, jioni utakuta ameugawa mlango."

Kaha alicheka kama wote. Lakini mwaka ule wa mvua za El Nino kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha mapema, kwa sababu alikuwa anaposwa.

Kwa Abdijabar, mchumba mwenyewe, hapakuwa na neno. Walifundisha shule moja, na kabla hajathubutu kusema lolote alikuwa amekuja kibandani kwa Salat mara nyingi kushonewa suruali ambazo hazikuwa zimechanika. Neno lilikuwa kwa baba yake, Mzee Alio, mfanyabiashara wa mifugo wa Modogashe, mtu wa utaratibu, ambaye ilisemekana aliwahi kuinuka na kwenda zake katika posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu chai ililetwa imepoa. Yeye na Salat hawakuwa wamewahi kuonana. Ijumaa hiyo angekuja na wazee wenzake baada ya sala ya adhuhuri, wapate chakula, kisha waseme kilichowaleta.

Na hapo palikuwa na shida nyingine. Kwa desturi yao, baba hajadili posa ya bintiye kwa kinywa chake. Hukaa kimya na heshima yake, ndugu zake wakamsemea. Ndugu wote wa Salat walikuwa Mandera, na barabara ya Mandera ilikuwa imegeuka mto. Dayib, mkubwa wao, ndiye aliyetegemewa kuwa msemaji. Siku ya Jumatano alituma habari kwa redio ya masafa kwamba lori lao limezama kwenye tope hadi kwenye taa, watu wote ni wazima, na posa wamwachie Mungu.

"Sasa nani atanisemea?" Kaha aliuliza.

"Mungu yupo," Salat alijibu.

"Yupo," alisema Nafiso, "lakini Alio atataka kuona na wazee."

Alhamisi jioni Kaha alimketisha baba yake kwenye mkeka, kama anavyomketisha mwanafunzi aliyeambiwa amlete mzazi.

"Aabo, nisikilize vizuri. Kesho usilete mtu hapa."

"Kwani nani huleta watu?"

"Aabo."

"Yule wa juzi alikuwa anapita tu."

"Alipita akalala siku nne. Kesho ukitoka msikitini mtafute Mzee Alio. Abdijabar ameniambia alivyo. Ni mrefu, mwembamba, ana bakora, na ndevu amezipaka hina. Mlete huyo na wenzake. Huyo tu, Aabo, nakuomba."

"Mrefu, mwembamba, bakora, ndevu za hina," Salat alikariri kwa utiifu.

Hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyefikiri kwamba huo ulikuwa wasifu wa nusu ya wazee wa mkoa mzima, na kwamba nusu iliyobaki ilitofautiana nao kwa ufupi tu.

Nafiso, kwa upande wake, alitoa shali mpya, ya sufu laini, yenye pindo la kijani, akaitandaza mapajani mwake ili kaka yake aione.

"Hii ni ya kesho," alisema. "Uivae begani. Na ikibaki, wallahi, na wewe utabaki nje ya ua huu."

*

Ijumaa mvua ilipumzika. Mbuzi alichinjwa mapema, mnono kweli, na kufika adhuhuri ua mzima ulinukia mchele uliopikwa kwa mchuzi wa nyama, iliki na mdalasini. Ndizi mbivu zilipangwa pembeni mwa sinia. Kaha alifukiza ubani, akafagia, akafagia tena alipokwisha kufagia.

Salat alirejea kutoka msikitini na wanaume watano. Mbele yao alitembea mzee mrefu, mwembamba, mwenye bakora, na ndevu nyekundu za hina zilizochanwa vizuri. Nguo zao zilikuwa za kawaida lakini safi. Shali ilikuwa bado begani kwa Salat. Nafiso, aliyekuwa akichungulia kupitia pazia la mlango wa jikoni, alishusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Leo amefanya kama alivyoambiwa."

Wageni waliletewa maji ya kunawa, wakakaa, wakaletewa sinia. Hapakuwa na maswali. Walizungumza habari za mvua na za malisho, kisha wakaacha hata hizo, maana sinia lilikuwa limeteka akili zao zote.

"Mashallah," Nafiso alinong'ona. "Tazama wanavyokula. Watu wanaokula hivi hawana kiburi."

"Si wanakula haraka mno, Eeddo?"

"Nimepika mimi. Ulitaka wale vipi?"

Kaha hakuwa na wasiwasi wa nyama. Wasiwasi wake ulikuwa wa chai. Aliiweka jikoni mpaka ikatokota, akaimimina ikitokota, akaipeleka mpaka kizingitini mbiombio. Baba yake aliipokea, akaigawa, na mgeni mmoja mnene, aliyekunywa bila kupuliza, alitoa sauti kama ya ndama. Kaha aliridhika. Hakuna atakayesema chai ya nyumba hii imepoa.

Walipomaliza, yule mzee mwenye ndevu za hina aliinua viganja vyake, na wote wakainua vyao.

"Ee Mola," aliomba, "mbariki mwenye nyumba hii. Tulikuwa tumesimama nje ya msikiti, hatuna tunapokwenda, akaja akatuambia, 'Karibuni, tumewangoja tangu asubuhi.' Ee Mola, hata jina lake hatulijui, lakini wewe unalijua. Mlipe. Na uifungue barabara ya Nairobi ili lori letu lipite."

"Amina!" Salat aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kabla maneno hayajamfikia.

Nyuma ya pazia, mwiko ulikuwa umeganda mkononi mwa Nafiso.

"Lori gani?" alisema.

*

"Waryaa, Salat! Njoo hapa."

Salat alikuja jikoni. Alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepapasa mfuko na kukuta umetoboka.

"Umemleta nani?"

"Mrefu, mwembamba, bakora, ndevu..."

"Ulimwuliza jina?"

Salat alimtazama kama aliyetukanwa. "Nafiso! Nimwulize mgeni jina hajala?"

Na hapo Nafiso aliushusha mwiko. Tangu utoto wao wa kufuata ngamia walikuwa wamefundishwa hivyo. Mgeni haulizwi yeye ni nani wala ana shida gani mpaka ale, anywe, anyooshe miguu. Ukimwuliza mapema ni kama unamwambia kuna jibu litakalomnyima chakula.

"Na wao mbona hawakusema?" Kaha aliuliza. Machozi yalikuwa karibu.

"Waseme nini? Mtu akikwambia, 'Karibu, tumekungoja,' utamwambia, 'Hapana, hukuningoja'?"

"Mbuzi mzima, Salat!" Nafiso alilalama. "Hakuna kilichobaki ila ukoko chini ya sufuria. Wewe unayependa vitu vibaki, leo umeiona siku ambayo hakikubaki kitu?"

Salat hakucheka. Alichuchumaa mbele ya binti yake, shali ikamteleza begani.

"Mwanangu, siku hii ni yako. Nimeiharibu mimi. Ukisema, nitakwenda niwaambie ukweli, nao watainuka sasa hivi. Ni watu wazima, hawatakasirika. Tutafagia, tutatafuta chochote, na Alio akija atakuta nyumba safi."

Kaha alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyaweka tayari kwa miaka, tangu siku alipomwona sokoni mwanamke asiyemjua amevaa gauni lake la Idi. Alilisogeza pazia ili awatazame vizuri watu hao anaotaka waondoke.

Yule mnene, aliyeunguzwa na chai, alikuwa amelala akiwa ameketi, kipande cha ndizi bado mkononi, shingo imepinda hadi kidevu kikagusa bega. Yule mzee alikuwa akiokota punje za wali zilizomwagika mkekani, moja moja, akizirudisha kwenye sinia. Wengine watatu walikuwa wameegemea ukuta wakiwa kimya kabisa, hawatazami mlango, hawasikilizi nje. Walikaa kama watu ambao hawajapata kukaa kwa muda mrefu.

Kaha aliliachia pazia. Alikasirika zaidi, maana sasa hakuwa na wa kumkasirikia.

"Yule ataumia shingo," alisema kwa ukali. "Mpelekee mto."

Nafiso alijipiga paja. "Ugonjwa wa damu! Nami miaka yote nikidhani msichana huyu amemfuata mama yake."

*

Saa ilisogea. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu, na Alio hakuwa ameonekana. Kaha alianza kutumaini kitu ambacho hakupenda kujikuta anakitumaini, kwamba barabara ya Modogashe nayo imekatika.

Ndipo pakabishwa hodi.

Nafiso ndiye aliyefungua. Mbele yake walisimama wanaume wanne waliojaa tope tangu kichwani. Viatu walikuwa wamevishika mikononi. Mmoja, mrefu, ameegemea mti aliouokota njiani, alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, limekauka na kupasuka kama ardhi ya kiangazi.

Nafiso alitazama tope, akatazama miguu, na subira yake ya siku nzima ikaisha.

"Na nyinyi mmetokea kwenye lori hilohilo!" alisema. "Wenzenu wameshamaliza. Wamelala humo ndani, mmoja tumempa mto. Hapa hakuna kilichobaki ila ukoko!"

Yule mrefu alifikiri kidogo.

"Ukoko upo?" aliuliza.

Alisema kwa namna ambayo Nafiso alijikuta amepisha mlango.

"Karibuni, karibuni," Salat alikuwa amekwisha fika, mikono mbele. "Ingieni, ndugu zangu. Mnatetemeka. Kaha! Maji!"

Kaha alileta birika na beseni. Alijifunika vizuri mtandio, akapiga magoti, akaanza na yule mrefu, kwa kuwa ndiye mzee kuliko wenzake. Akammiminia maji miguuni. Akammiminia viganjani. Mzee akanawa uso, mara ya kwanza, mara ya pili, na tope likashuka kidevuni kama uji mzito. Chini ya tope, ndevu zikaanza kutokea. Zilikuwa nyekundu.

Kaha aliacha kumimina.

Lakini alikuwa amekwisha kufundishwa siku ile kwamba ndevu nyekundu si ushahidi wa kitu. Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa mtu yeyote kati ya Liboi na Isiolo. Na kumwuliza haikuwezekana, kwa sababu alikuwa hajala.

Ikabidi ale. Nafiso alikwangua sufuria kwa nguvu zote alizokuwa nazo dhidi ya ulimwengu, akatoa ukoko kwa mapande makubwa ya hudhurungi, yenye mafuta ya mbuzi na harufu ya iliki, akaumwaga kwenye sahani, akautazama, akaona aibu, akaongeza anjera, chapati laini za asubuhi, juu yake na kidogo cha samli. Mzee alichukua pande moja, akaliuma, likalia *kra*. Alifumba macho.

"Nilipokuwa mtoto," alisema, "tulipigana kwa ajili ya hiki. Tangu nizeeke, kila ninapokwenda wananiletea nyama. Hakuna anayenikumbuka kwa ukoko."

Aliula wote. Wenzake walipata anjera. Kaha, nyuma ya pazia, alimwona akiramba kidole, na hakujua kama afurahi au apotee chini ya ardhi.

Kisha mzee akanawa tena, akajifuta kwa kitambaa, akanyoosha mgongo, na ghafla akawa mtu mwingine, mtu ambaye watu husimama anapoingia sokoni.

"Nimekula," alisema. "Sasa mnaweza kuniuliza."

Salat alisogea mbele. "Wewe ni nani, ndugu yangu?"

"Mimi ni Alio wa Modogashe. Lori letu limekwama, tumetembea tangu asubuhi. Nimekuja nyumbani kwa Salat fundi cherehani kumwombea mwanangu mke. Naona nimefika." Alielekeza kidole ukutani, walikolala wale watano. "Na hawa ni akina nani?"

Salat aliwatazama wageni wa kwanza, akawatazama wa pili.

"Hawa," Salat alisema, "ni wewe. Yaani nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Mrefu, mwembamba, bakora, ndevu za hina..."

Alio alimgeukia yule mzee wa lori, aliyekuwa ameamka na kujiketisha. Walitazamana, ndevu kwa ndevu.

"Kwa hiyo chakula changu umekula wewe."

"Nimekula," mzee yule alikubali. "Jina langu Guleid, wa Liboi. Na kilikuwa kitamu, siwezi kukuficha. Mbuzi alikuwa mnono. Nasikitika hukuwapo."

Mmoja wa wazee wa Alio alikohoa ili asicheke. Alio mwenyewe hakukohoa wala kucheka.

"Salat," alisema polepole, "niliambiwa Modogashe kwamba wewe ni mtu usiyeweza kushika kitu. Nikasema nitakwenda nikaone mwenyewe. Nimekuja kuzungumza na wazee wa msichana. Mwanamke amenipokea mlangoni kwa matusi, nimekula mabaki, na wazee siwaoni. Wazee wako wako wapi?"

Salat aliinamia mkeka. Alitaka kusema habari za Mandera na lori la Dayib, lakini alijua kwamba mtu aliyetembea kwenye tope tangu asubuhi hapendi kusikia habari za watu wengine waliokwama. Nyuma ya pazia Kaha aliushika mkono wa shangazi yake. Ukimya wa baba yake ulimwuma kuliko kama angefukuzwa mwenyewe.

"Tupo," alisema Guleid.

"Nyinyi? Nyinyi ni nani kwake?"

"Ngoja nikwambie sisi ni nani, kwa kuwa umeuliza." Guleid aliilaza bakora yake mkekani. "Tumetoka Liboi. Kila kizuizi cha barabarani tumeteremshwa. Wewe nani? Wa nani? Watoka wapi? Kitambulisho kiko wapi? Mimi nimezaliwa nchi hii. Hawa watatu ni wa kambi za Dadaab, wana karatasi zao za ruhusa. Huyu Jama anayelala ni dereva. Wote tunaulizwa sawasawa. Na hapa mjini tangu tukwame ni vilevile. Ukiomba maji, kwanza jina. Ukiomba kivuli, kwanza ukoo. Leo ndiyo mara ya kwanza katika safari hii nimeshiba kabla sijaulizwa mimi ni nani. Sasa, ndugu yangu, kama unakasirikia nyama, kasirika, una haki, maana imekwisha. Lakini usiseme msichana huyu hana wazee. Sisi tumekula kwa baba yake. Tutamsemea."

Alio alitazama chini. Alichezea pindo la shuka lake lililolowa.

"Kizuizi cha pale kwetu," alisema mwishowe, kama anayezungumza na mkeka, "napita miaka yote. Askari wa pale ananijua, mke wake hununua mbuzi kwangu. Leo asubuhi ameniteremsha akaniuliza jina. Akaniita kwa jina, 'Mzee Alio, shuka,' kisha akaniuliza, 'Wewe unaitwa nani?'"

Guleid ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka taratibu, kwa kifua, akajaribu kujizuia, akashindwa. Kisha wazee wa Modogashe, kisha wale wa Dadaab, hata Jama akazinduka na mto wake akauliza kama barabara imefunguliwa. Mwisho Alio naye akatikisika, na tope lililobaki kwenye nyusi zake likadondoka mapajani.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Wazee wa msichana, semeni."

Basi Guleid akasema. Na alivyosema! Ungedhani Kaha amemkulia mgongoni. Alimtaja kuwa msichana msomi, mwenye adabu, asiye na makuu. Alimtaja baba yake, akamtaja marehemu mama yake kwa heshima, ingawa hakuambiwa habari zake, kwa kuwa kila msichana mwema lazima awe na mama mwema. Kuhusu ngamia wa mahari alikuwa mgumu kama jiwe. Kila Alio alipopunguza, Guleid aligeuka upande na kushauriana kwa uzito na watu waliokuwa hawajui hata mlango wa choo uko wapi.

"Na chai yake," Guleid alimalizia, "si chai ya kuchezea."

"Wallahi inaunguza," alisema Jama kwa ulimi mzito.

"Wewe Guleid," Alio alisema, "ngamia wote hao unaowadai, msichana mwenyewe anaitwa nani?"

Guleid alimgeukia Salat taratibu, kwa heshima kubwa.

"Desturi haikuturuhusu kuuliza," alisema.

Katika kicheko hicho Nafiso alimsukuma Kaha. Chai ya wageni wa pili ilikuwa imesahaulika tangu ukoko. Ilikuwa kwenye birika, kando ya moto uliozimika. Kaha aliigusa, akashtuka. Ilikuwa imepoa kabisa.

"Tuipashe," alinong'ona.

Lakini Salat, kwa furaha yake, alikuwa amekwisha kuingia, akalichukua birika, akatoka nalo. Kaha aliziba uso kwa viganja vyote viwili na kuchungulia kati ya vidole. Alimwona baba yake akimimina. Hakuna mvuke uliopanda. Alimwona Alio akikipokea kikombe, akikishika kidogo, akikitazama. Jicho la mzee lilipita juu ya kikombe na kutua kwenye pazia, moja kwa moja, kama aliyejua kuna nani nyuma yake.

Kisha akanywa. Akanywa yote, akaweka kikombe chini, akasema, "Niongezee."

*

Walipoondoka jua lilikuwa limeshuka nyuma ya uzio wa mibono wa majirani. Alio na wenzake walikwenda kulala kwa jamaa zao mjini, Guleid na wenzake walirudi kulinda lori lao, na wote walitoka kwa mlango mmoja wakibishana njiani kuhusu ngamia kana kwamba posa haijakubaliwa. Ua ulibaki na masinia, mikeka na mto mmoja wenye alama ya kichwa.

Kaha aliketi karibu na baba yake kwenye kizingiti. Alikuwa amekusudia kumkaripia, kwa sababu mtu akishaogopa hivyo lazima amkaripie mtu. Alimtazama, miguu yake iliyopasuka nyayo, sindano iliyosahaulika kwenye ukosi wa shati, uso wake wenye furaha ya kijinga, na karipio likamponyoka.

"Aabo, niambie kweli. Ungejua mapema kwamba si wao, pale msikitini, ungefanyaje?"

Salat aliwaza kwa uaminifu.

"Ningewaambia wale polepole," alisema.

Kaha alicheka mpaka akaegemea bega lake. Ndipo alipohisi bega lenyewe, mfupa mtupu chini ya shati.

"Aabo. Shali iko wapi?"

Salat alijipapasa bega la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayetafuta miwani.

"Alio alikuwa amelowa," alisema. "Na mimi sikuwa nasikia baridi. Ilikuwa imebaki tu."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu.

"Nimesikia!" Nafiso alipiga kelele. "Wallahi nimesikia! Shali yangu imeolewa kabla ya msichana!"

Kabla hajamaliza, pakabishwa hodi langoni, hodi ya woga, ya mtu asiyejua kama amebisha nyumba sahihi.

"Kama ni mgeni," Nafiso aliita, "mwambieni watu wa nyumba hii wamehama!"

Salat alikuwa ameanza kuinuka, akishika goti. Lakini Kaha alimtangulia. Alikuwa amekwisha kuchukua birika la maji, na alikuwa njiani kuelekea langoni, akijifunga mtandio vizuri kwa mkono mmoja.

"Karibu," alisema gizani, bila kuuliza ni nani. "Karibu ndani. Tumekungoja."